Kipsongo: Turkana Ndani ya Kitale

Mgeni anayeingia Kitale kwa mara ya kwanza huonyeshwa vitu vilevile: makumbusho yaliyo kwenye barabara ya Eldoret, uwanja wa gofu wa Kitale Club, kituo cha zamani cha reli, maghala marefu ya nafaka, na mawingu yakiridhia, mgongo wa Mlima Elgon upande wa magharibi. Akikaa siku ya pili atapelekwa Saiwa, mbuga ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini Kenya, akamtazame nzohe anavyojificha kwenye matete. Kipsongo hatapelekwa.

Mtaa huo wa mabanda, unaojulikana kuwa wa Waturkana, uko mwendo wa miguu kutoka katikati ya mji. Wamo wazee waliofika wakiwa watoto, na wamo wajukuu wao wasiojua kwao kwingine. Hata hivyo, katika orodha ya vivutio vya Kitale haumo, na katika habari hutajwa pale tu panapotokea mkasa: vibanda vimeungua, chakula kimekosekana, watoto wamekimbilia barabarani. Ukiusoma kwa njia hiyo, utadhani Kipsongo ni ajali iliyoangukia mji mzuri wa mahindi. Sivyo. Reli, mahindi na barabara ya kwenda Lodwar huko Turkana vilivyoijenga Kitale ndivyo vilivyoijenga Kipsongo pia, na historia ya mji huu bila mtaa huo ni nusu ya hadithi.

Nyanda za Trans Nzoia zinazoizunguka Kitale, zilizo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, zilikuwa malisho kwa karne nyingi kabla ya kuwa mashamba. Mpaka leo miteremko ya magharibi mwa Kenya ina mashimo ya mviringo ambayo wenyeji huyaita ya Wasirikwa. Wanaakiolojia wanayachukulia kuwa mazizi ya ng'ombe ya jamii iliyoishi huku kabla ya Wamaasai kupata nguvu. Baadaye walikuja Wamaasai wa Uasin Gishu, huku Wasabaoti wakishika miteremko ya Elgon na Wapokot wakikaa kaskazini. Mvumbuzi wa Kiskoti Joseph Thomson alipofika Elgon mwishoni mwa 1883 alikuta watu wakiishi na mifugo yao ndani ya mapango. Mwambao ulikuwa umekwisha kufika pande hizi kabla yake: mmoja wa waliomwelekeza ni Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyezijua njia za kaskazini kuliko Mzungu yeyote wa wakati ule.

Vitabu vya watalii hupenda kusimulia kwamba Kitale ilikuwa kituo cha misafara ya watumwa, na kwamba duara la mawe lililo karibu na Kitale Club ndipo walipofungiwa usiku. Masimulizi hayo yana wapenzi wengi mjini. Lakini katika nchi iliyojaa mazizi ya mawe ya Wasirikwa, mtu angetaka ushahidi zaidi ya duara moja kabla ya kuapa.

Mji wenyewe ni kazi ya walowezi. Walianza kuingia kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, wakivuka mto Nzoia mahali palipoitwa Hoey's Bridge kwa jina la mwindaji Cecil Hoey, leo Moi's Bridge. Baada ya vita, mpango wa 1919 wa kuwapa ardhi askari wa Kiingereza ulileta kundi kubwa zaidi. Wasabaoti walijikuta wageni katika malisho yao. Walipeleka malalamiko yao mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter kuanzia 1932 na kutoa ripoti yake 1934, ila mashamba yaliyokwisha gawiwa hayakurudi. Majeraha ya ardhi katika eneo la Elgon, yaliyokuja kupasuka vibaya kati ya 2006 na 2008 kwa uasi wa kundi la Wasabaoti la SLDF, yana mizizi katika miaka hiyo.

Mwaka 1926 Kitale ilipata vitu viwili. Cha kwanza ni reli: tawi la kilomita 65 hivi kutoka Leseru, karibu na Eldoret. Tangu siku hiyo mahindi ya Trans Nzoia yalipata njia ya kwenda Mombasa, na Kitale ikawa mwisho wa reli kwa mtu yeyote anayeelekea kaskazini. Cha pili ni makumbusho. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekuwa na ugonjwa wa kukusanya vipepeo, ndege, vitabu na zana za watu, alifungua makumbusho yake binafsi mwaka huohuo. Alipofariki 1966 aliiachia nchi mkusanyo wake pamoja na fedha za kujenga jengo jipya, lililofunguliwa Desemba 1974. Hayo ndiyo makumbusho ya kwanza ya bara nchini Kenya, yaani nje ya Nairobi na Pwani, na nyuma yake kuna kipande cha msitu wa asili ambacho peke yake kinatosha kumfanya mtu asimame Kitale.

Ndani ya vioo vya makumbusho hayo kuna vyombo vya Waturkana. Hilo tutalirudia.

Mashamba ya walowezi yalihitaji mikono. Wengi walitoka Bungoma na viunga vyake, Wabukusu waliopanda kaskazini wakiwa vibarua na maskwota, wakipewa kipande cha kulima na kuchungia kwa sharti la kumfanyia bwana shamba kazi siku kadhaa kwa mwaka. Sheria ya 1937 ya vibarua wakazi iliwabana zaidi, ikawapunguzia mifugo na kuwaongezea siku za kazi. Haikushangaza, basi, kwamba Dini ya Msambwa, vuguvugu la Elijah Masinde lililopinga ukoloni, ilipata wafuasi katika mashamba hayo, si katika vijiji vya Kimilili pekee. Serikali iliipiga marufuku 1948, mwaka uleule ambao polisi waliwafyatulia risasi waumini wake kule Malakisi.

Mjini kwenyewe mipaka ilichorwa kwa rangi. Wazungu walikaa penye miti na nafasi, Wahindi wakakaa juu na nyuma ya maduka yao, na Mwafrika aliruhusiwa kuwapo maadamu ana mwajiri. Hakuna aliyepanga mahali pa kukaa mtu asiye na kazi, mjane, au familia iliyopoteza ng'ombe wake. Pengo hilo katika ramani halikuzibwa baada ya uhuru. Lilijazwa na watu wenyewe, na Kipsongo ni mojawapo ya mahali walipojazana.

Je, Waturkana walifikaje huku, kilomita zipatazo 300 kutoka Lodwar?

Kwa muda mrefu hawakuruhusiwa kufika kirahisi. Mwaka 1918 jeshi la kikoloni liliendesha Operesheni Labur, likawanyang'anya silaha na maelfu ya mifugo. Baada ya hapo Turkana ikawa wilaya iliyofungwa: kuingia kwa kibali, kutoka kwa kibali. Kila kitu kilichokwenda huko, kuanzia unga wa askari hadi barua za maofisa, kilishushwa kwenye mabehewa Kitale kikapakiwa kwenye malori. Hata wafungwa walipita njia hiyo. Jomo Kenyatta na wenzake watano waliposhtakiwa Kapenguria kuanzia Desemba 1952, mji huo mdogo haukuwa na pa kuwalaza wageni, na mawakili wao walilala Kitale na kusafiri kila siku kwenda mahakamani. Kati yao walikuwamo D. N. Pritt wa Uingereza, H. O. Davies wa Nigeria, Chaman Lall wa India na Fitz de Souza wa Nairobi. Kwa miezi kadhaa kesi kubwa kuliko zote katika historia ya ukoloni wa Kenya ilikula na kulala katika mji wa wakulima uliokuwa na ubaguzi wa rangi mpaka kwenye meza za hoteli. Hukumu ilitolewa Aprili 1953, na waliohukumiwa wakapelekwa Lokitaung, ndani kabisa ya Turkana.

Miaka miwili baada ya hukumu hiyo, kituo cha utafiti cha Kitale kilianza mpango wa kuboresha mahindi chini ya Michael Harrison. Mwaka 1956 ilianzishwa Kenya Seed Company, kwanza kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho. Harrison alisafiri hadi Amerika ya Kusini akarudi na mbegu ya nyanda za juu za Ecuador, akaizalisha na ile ya Kitale, na 1964 wakulima wakapata H611, mbegu chotara iliyobadilisha mavuno ya Kenya. Ugali unaoliwa leo kutoka Busia hadi Garissa una deni Kitale. Ila shibe ya nchi na shibe ya kibarua anayeivuna ni mambo mawili. Baada ya uhuru mashamba mengi makubwa yalibaki makubwa, mengine chini ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, lililoundwa 1965. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kuwasilisha ripoti yake 2004, iliyakuta mashamba ya shirika hilo miongoni mwa mali zilizogawiwa wenye majina makubwa. Waliokuwa wakipalilia hawakuwamo kwenye orodha.

Katika miongo hiyo ya baada ya uhuru kaskazini kulikuwa kunakauka. Njaa iliyowapata Waturkana kati ya 1979 na 1981 wao huikumbuka kwa jina la Lopiar, iliyofagia. Ukame ulikuja pamoja na homa ya mapafu ya ng'ombe na mbuzi, na katikati ya hayo likatokea jambo ambalo asili yake ilikuwa Uganda: utawala wa Idi Amin ulipoanguka Aprili 1979, kambi ya jeshi ya Moroto iliachwa wazi, na bunduki zake zikachukuliwa na Wakaramojong. Uvamizi wa mifugo uliokuwa ukifanywa kwa mikuki na bunduki chache ukawa vita. Makadirio ya watafiti waliofika huko yanasema Waturkana walipoteza ng'ombe tisa kati ya kila kumi na mbuzi na kondoo wanane kati ya kila kumi. Makumi ya maelfu waliingia kambi za chakula. Wengine walifuata barabara kuelekea kusini.

Na barabara yenyewe ilikuwa ikiboreka. Katika miaka ya 1980 serikali ya Norway iligharimia ujenzi wa barabara ya Kitale hadi Lodwar kupitia Marich, mradi uliopunguza safari ya siku kuwa ya saa, kabla ya Kenya kuvunja uhusiano wa kibalozi na Norway mwaka 1990 kwa ugomvi juu ya mwanasiasa Koigi wa Wamwere. Wafadhili walikusudia lami hiyo iwapandishie Waturkana huduma na samaki wao wapate soko. Hayo yalitokea kwa kiasi. Lakini barabara haina mlango wa upande mmoja, na lori lililopeleka mahindi ya msaada Lodwar lilirudi na nafasi nyuma.

Waliofika hawakuja kwa siku moja wala kwa njaa moja. Baadhi walikuwa wametangulia miaka ya 1970, wengine walifuata baada ya kila ukame na kila uvamizi mkubwa. Walikaa palipokuwa na nafasi ambayo hakuna aliyewafukuza mara moja, na jambo la kwanza walilolifanya wanawake ni kujenga. Katika mila ya Waturkana nyumba ni ya mwanamke: huinamisha fito, huzifunga juu zikawa kuba, kisha huifunika akai yake, yaani nyumba hiyo, kwa makuti ya mkoma na ngozi. Kitale haina mkoma wa kutosha wala ngozi za bure. Ina karatasi za nailoni, maboksi, magunia ya mbolea na matambara. Umbo likabaki lilelile, malighafi ikabadilika. Msanifu majengo anayejua kazi yake atasimama mbele ya kuba hizo kwa heshima kabla ya kuhuzunika: ni ufundi wa jangwani uliohamishiwa mahali penye mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, hali ambayo haukubuniwa kuikabili. Ndiyo sababu msimu wa mvua ndio msimu mgumu kuliko yote Kipsongo, na kwa sababu ya nailoni na maboksi hayo moto mmoja wa jikoni huweza kula safu nzima.

Sasa turudi kwenye vioo vya makumbusho. Kule ufundi wa Kiturkana umewekewa taa na maandishi. Huku unaendelea kufanywa kila wiki na wanawake walio hai, na unaitwa uchafu. Anayepita sehemu zote mbili kwa siku moja atajiuliza ni nani aliyepanga ni kipi kiwe urithi wa taifa na kipi kiwe aibu ya mji.

Kipsongo si ya Waturkana peke yao, ingawa jina lao ndilo lililoushika mtaa. Wamo Waluhya, Wapokot, Wateso na Wasabaoti, na lugha ya kisimani ni Kiswahili, kile cha Trans Nzoia kinachokopa bila haya kutoka Kibukusu na Kiturkana. Riziki ni ya kuokotezwa: kupalilia na kuvuna katika mashamba ya watu, kupeta mahindi, kubeba mizigo sokoni, kuuza makaa, kukusanya vyuma chakavu na plastiki, kupika busaa na, polisi wakizubaa, chang'aa. Watoto wengi walioitwa chokoraa katika mitaa ya Kitale walikuwa na mama na akai Kipsongo. Walikuja mjini asubuhi kama wengine wanavyokwenda ofisini, wakarudi jioni na walichopata. Makanisa na mashirika yaliyowalisha na kuwasomesha yamekuja kwa wingi, mengine yakakaa miongo, mengine yakapiga picha na kuondoka.

Jaribio moja la kuupanga mtaa huo linastahili kukumbukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la ITDG, ambalo tangu 2005 linaitwa Practical Action, likishirikiana na halmashauri ya manispaa na kwa fedha za serikali ya Uingereza, lilichagua mitaa mitatu ya mabanda ya Kitale: Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa. (Mtu wa Pwani akisikia hilo la mwisho huwaza gereza na shule za karibu na Mtwapa; kule Kitale jina hilo ni la makazi ya watu huru.) Badala ya mpangaji kuketi ofisini na ramani, wakazi waliitwa wachore wenyewe mtaa wao na kupanga lipi litangulie: maji, vyoo, njia za kupita. Kwa watu ambao hawakuwamo katika ramani yoyote ya mji, kuchora ilikuwa hatua kubwa. Kazi hiyo ilisomwa na wataalamu wa mipango miji nje ya Kenya. Kilichobaki bila jibu ni swali ambalo hakuna mradi wa miaka mitatu unaoliweza, nalo ni la umiliki wa ardhi chini ya kuba hizo. Bila hatimiliki, mtu hujenga kwa nailoni hata akipata hela ya mabati, kwa sababu nailoni hukunjwa na kuhamishwa.

Kabla na baada ya mradi huo mji uliendelea kupokea waliokimbia. Mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992 yaliwaondoa watu mashambani upande wa Endebess na Mlima Elgon. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliugeuza uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale kuwa kambi ya mahema. Hema zilipokunjwa, si wote waliorudi walikotoka, na mitaa ya mabanda ndiyo iliyowapokea bila fomu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 106,187 mjini Kitale. Ile ya 2019 ilihesabu 162,174. Hakuna mji unaoongezeka hivyo kwa miaka kumi kwa kujenga maghorofa peke yake.

Machi 2012 kampuni ya Tullow ilitangaza kwamba mafuta yamepatikana Turkana, katika kisima kilichoitwa Ngamia-1. Juni 2018 malori ya kwanza ya mafuta ghafi yaliondoka Lokichar kuelekea Mombasa, yakipita Kitale kwa barabara ileile waliyoshukia wazazi wa Kipsongo. Agosti 2019 mapipa 200,000 yalipakiwa melini. Mjadala mkali ulihusu asilimia ngapi za mapato zingebaki kaunti na ngapi zingefika kwa jamii inayozunguka visima. Mturkana aliyezaliwa Kitale, asiye na mifugo kule wala ardhi huku, hakuwa na kiti katika mjadala huo kwa upande wowote.

Anayetaka kuuona mji huu ukiwa kamili aanze makumbusho asubuhi, apite kwenye msitu ulio nyuma hadi kituo cha kilimo-misitu kilichopewa jina la Olof Palme, waziri mkuu wa Sweden aliyeuawa 1986, kinachohusiana na shirika la Vi lililoanza kupanda miti pande hizi 1983. Atoke hapo aende kituo cha reli, atazame njia ya Leseru ambayo Shirika la Reli lilianza kuifufua baada ya kulala kwa miaka mingi. Adhuhuri aende Kipsongo, lakini kwa mwenyeji: mzee wa mtaa, mwalimu au mhudumu wa afya wa kujitolea. Kamera ibaki mfukoni mpaka aambiwe. Akitaka kujua akai inavyojengwa, awaulize akina mama, na awalipe muda wao kama ambavyo angelipa kiingilio cha makumbusho.